SOMO: HADITHI ZA MAPENZI NA URITHI TUNAOWAACHIA WATOTO



Vijana wetu wanapenda hadithi za mapenzi. Wanazisoma katika vitabu vya kuazimana hata vikaisha majalada, wanazisikiliza redioni jioni, wanazitazama katika filamu za Bongo na za Nigeria, zamani kwenye vibanda vya video na siku hizi kwenye simu. Wazazi wengi tunazikemea tu. Tunasema ni upuuzi, ni mambo ya dunia, basi tunazima. Lakini kijana akizimiwa redio nyumbani, anakwenda kuisikiliza kwa jirani, na huko hana mtu wa kumweleza maana.

Kwa sababu hiyo somo letu la leo linapita njia nyingine. Tutachukua hadithi tano, moja ya Maandiko na nne za nchi zetu hizi, na kila moja tutaiuliza swali moja: mapenzi ya hawa watu wawili yaliwaachia nini watoto na wajukuu?

Kwetu sisi wakimbizi swali hili ni zito. Mtu aliyebaki kwao anamwachia mwanawe shamba, ng'ombe na kaburi la babu. Sisi tuliovuka mpaka tumeacha vyote hivyo nyuma. Hapa Bujumbura mkimbizi anapanga chumba, na kesho anaweza kuhamishwa. Kilichobaki mkononi ni jina, ndoa, na habari tunazowasimulia watoto usiku. Kama urithi wetu ni huo, basi tuuangalie vizuri.

1. RUTHU: NDOA YA MGENI

Kitabu cha Ruthu ni kifupi, sura nne tu, na kinaanza kwa wakimbizi. Njaa iliingia Bethlehemu, Elimeleki akachukua mkewe Naomi na wana wawili wakahamia Moabu. Huko Elimeleki akafa. Wana wakaoa mabinti wa nchi ile, Orpa na Ruthu. Baada ya kama miaka kumi, wana nao wakafa bila kuacha mtoto. Wamebaki wajane watatu, na jina la ukoo linakaribia kuzimika.

Ndugu msomaji, angalia sura ya nne. Boazi alimpenda Ruthu, lakini hakumchukua kwa siri. Alikwenda langoni pa mji, akaita wazee kumi wakae, akamwita na ndugu wa karibu zaidi aliyekuwa na haki ya kwanza. Ndugu yule alilitaka shamba. Aliposikia kwamba shamba linakuja pamoja na mjane Mmoabi, akarudi nyuma. Aliogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo tunalipita haraka. Mtu yule aliyelinda urithi wake hatujui jina lake. Kitabu hakikulitaja. Boazi, aliyekubali kuhatarisha mali yake kwa ajili ya mgeni, jina lake lipo mpaka katika Mathayo sura ya kwanza, kwa maana alimzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi.

Jambo la pili: mtoto yule alipozaliwa, waliompa jina la Obedi ni wanawake majirani. Tulishike neno hilo, jirani, tutalikuta tena hapa Bujumbura.

2. ROSA MISTIKA: BABA ALIYELINDA KWA FIMBO

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Kitabu hiki kiliwashtua wengi, kikapigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa muda, na baadaye kikaja kusomeshwa. Mwandishi alifariki mwaka 2020, lakini kitabu bado kinasomwa.

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Akiwa msichana shuleni anapokea barua ya kijana aitwaye Charles. Baba anaikuta, anampiga vibaya. Tangu hapo Rosa anawaogopa wavulana kama moto. Wengine wangesema, vizuri, fimbo imefanya kazi. Lakini Rosa anakwenda kusoma mbali na nyumbani, ambako baba hamwoni, na hakuna aliyewahi kumfundisha jinsi ya kusema na mwanaume, jinsi ya kukataa, jinsi ya kuchagua. Anaanguka, na anazidi kuanguka. Mwishowe mchumba wake Charles anapojua mambo yaliyopita, anamkataa, na Rosa anajiua. Katika kurasa za mwisho mwandishi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Wazazi, tusiseme kwamba kitabu hiki kinafundisha uzinzi. Kinaonyesha kwamba ukimya na ukali ni urithi pia. Zakaria alitaka kumwachia binti yake usafi, lakini alichomwachia ni hofu, na hofu ilidumu siku ambazo fimbo ilikuwa karibu.

Katika desturi zetu, za Kongo na za Burundi, kulikuwa na mtu wa kusema mambo haya: shangazi kwa binti, mjomba au babu kwa kijana. Ukimbizi umetawanya watu hao. Shangazi yuko Uvira, babu alibaki Fizi, mjomba amepelekwa Marekani. Nafasi yao imekaa wazi, na filamu imeingia kuijaza. Kanisa lina wamama na wababa wazima. Wasipoketi na vijana kusema nao kwa upole, mwalimu atakuwa mwigizaji ambaye hajui hata majina yao.

3. JIRANI NDIYE FAMILIA: MCHEZO WA REDIO WA BUJUMBURA

Wakaaji wa zamani wa mji huu wanakumbuka miaka ya vita iliyoanza mwaka 1993. Mitaa iligawanyika. Kamenge na Kinama kukawa kwa Wahutu, Ngagara na Musaga kwa Watutsi. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulibaki na watu wa namna zote. Nyumba za mume Mhutu na mke Mtutsi, au mume Mtutsi na mke Mhutu, zilikuwa hazina pa kukaa, kwa sababu kila mtaa ulimkataa mmoja wao.

Ndipo mwaka 1995 ikaanzishwa Studio Ijambo hapa Bujumbura, chini ya shirika la Search for Common Ground, ikiwa na waandishi Wahutu na Watutsi wakifanya kazi chumba kimoja. Mwaka 1997 wakaanza kutangaza mchezo wa Kirundi ulioandikwa na mama mmoja Mrundi, Marie-Louise Sibazuri. Uliitwa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye familia. Ulihusu familia mbili zilizokaa jirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi, na ulifika mamia ya vipindi. Watu wa pande zote walikaa kuusikiliza, hata walipokuwa hawawezi kukaa pamoja.

Kwa nini mchezo wa familia mbili uliweza kuingia mahali ambapo hotuba haikuingia? Hotuba inamwambia mtu: badilika. Hadithi inamwonyesha mama anayetafuta chakula, mtoto anayeugua, jirani anayegonga mlango usiku, na msikilizaji anasema, hata mimi ni hivyo. Akishasema hivyo, chuki imepata shida kidogo.

Linganisha na wale wanawake wa Bethlehemu waliompa mtoto jina. Majirani wa Naomi walikuwa na haki ya kumpa jina mjukuu wake kwa sababu waliuona uchungu wake tangu siku aliyorudi mikono mitupu. Hapa Burundi majina nayo yanabeba habari. Ndayishimiye ni mtu anayemshukuru Mungu, Nkurunziza ni habari njema, na mengine mengi yanataja ugomvi wa wazazi na jirani au huzuni ya siku ile. Mtoto anatembea na habari ya nyumba yake maisha yote, hata asipoijua.

4. SHEMA NA BATAMULIZA: MILIMA MIWILI

Rwanda nayo ilipata mchezo wake mwaka 2004, uitwao Musekeweya, maana yake mapambazuko mapya. Uliandaliwa na Radio La Benevolencija. Kuna milima miwili, Bumanzi na Muhumuro, inayogombania ardhi na chakula. Kijana Shema wa mlima mmoja na binti Batamuliza wa mlima wa pili wanapendana. Katika tamthilia ya Shakespeare wapenzi wa namna hii, Romeo na Juliet, wanaishia kaburini. Shema na Batamuliza wanafanya kingine: wanakusanya vijana wa pande zote mbili wakatae vurugu za wakubwa.

Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alifuatilia wasikilizaji wa mchezo huu kwa mwaka mzima, akalinganisha waliousikiliza na wengine waliosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2009 yanatupasa kuyafikiri. Yale ambayo watu waliyaamini moyoni hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona jambo gani linakubalika kati ya watu wao, likiwemo la kuoa na kuolewa nje ya kundi lao. Pia walithubutu zaidi kusema wazi wasipokubaliana na wenzao.

Wapendwa, tulichukue hili nyumbani. Tuseme kijana wa Kifulero ampende binti wa Kibembe, au Munyamulenge ampende Mshi, au Mkongomani ampende Mrundi. Mara nyingi baba mwenyewe hana neno na binti yule. Amemwona kanisani, anajua adabu yake. Anachoogopa ni watu. Watasema nini kwenye matanga? Watanicheka nani? Hivyo baba anakataa kwa sababu ya majirani, na majirani nao wangekataa kwa sababu yake. Kila mmoja analinda ukuta ambao pengine hakuna aliyeutaka. Mzee mmoja anayeheshimiwa akisimama hadharani na kusema, mimi naibariki ndoa hii, amewafungulia mlango na wengine ishirini. Ndivyo Boazi alivyofanya langoni mbele ya wazee kumi.

Lakini kuna onyo. Mtafiti huyo huyo alifanya kazi nyingine Kongo Mashariki, akaitoa mwaka 2010. Mchezo wa redio uliongezewa kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadili. Walijadili kweli, kuliko wale waliosikia mchezo peke yake. Ila walizidi kutovumiliana, walizidi kufikiri juu ya manung'uniko yao, na walikuwa wagumu zaidi kuwasaidia watu wa kundi wasilolipenda.

Basi kuzungumza peke yake hakutoshi. Mazungumzo yakianza kwa kuuliza ni nani alituumiza, yataishia hapo hapo. Ninyi mnaoongoza vikundi vya vijana na jumuia za nyumbani, anzeni na mtu wa ndani ya hadithi. Aliogopa nini? Alichagua nini? Nani alilipa? Mkimaliza hapo ndipo mje kwetu.

5. PETIT PAYS: NYUMBA ILIYOPASUKA KABLA YA VITA

Kitabu cha mwisho kimeandikwa na mtoto wa mji huu. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Riwaya yake Petit Pays, yaani nchi ndogo, ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2016, ikapata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa mwaka ule ule, na mwaka 2020 ikawa filamu.

Gabriel ni mvulana anayekaa na dada yake Ana hapa mjini. Baba yao Michel ni Mfaransa. Mama yao Yvonne ni mkimbizi wa Rwanda tangu utotoni. Walipendana kwa haraka, wakazaa, kisha wakagundua kwamba kila mmoja alikuwa na ndoto yake na hakuwahi kumwambia mwenzake. Mama alitaka usalama wa mbali kwa sababu ya yale aliyoyakimbia. Baba alikuwa anafurahia maisha ya Bujumbura. Wakaachana. Vita ilipofika mwaka 1993, na mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, yaliikuta nyumba ambayo imeshapasuka.

Familia ya mama inaonyesha vizazi vingine: bibi mkongwe anayekumbuka Rwanda ya wafalme, nyanya anayekaa Ngagara, na mjomba Pacifique anayekwenda Rwanda vitani na kumwoa Jeanne kabla tu ya mauaji kuanza. Jeanne anauawa. Mama anarudi kutoka Rwanda akili yake imevunjika kwa aliyoyaona.

Tujifunze nini? Mkimbizi anapooa, haleti mahari peke yake. Analeta na safari yake, usiku aliokimbia, watu aliowaacha njiani. Yvonne na Michel hawakuliweka jambo hilo mezani walipokuwa wachumba. Mtoto ndiye aliyekuja kulikuta. Kwa hiyo, katika mafundisho ya uchumba hapa kanisani, tusiulize tu kama mali imetolewa na kama kwaya imepangwa. Tuwaulize wachumba: umemweleza mwenzako ulikotoka? Ukipata nafasi ya kwenda nchi ya tatu mtakwenda wote? Amani ikirudi kwenu, mtarudi nani kwa nani?

Mwisho wa kitabu una neno juu ya urithi. Gabriel, mtu mzima sasa, anarudi Burundi kuchukua sanduku la vitabu aliloachiwa na mama mzee jirani, aliyekuwa akimwazima vitabu wakati wa vita. Amekuja kufuata vitabu, na hapo mtaani, gizani, anamkuta mama yake. Kwa mara nyingine urithi ulipitia mkononi mwa jirani.

6. TUFANYE NINI SASA?

Kwanza, simulieni jinsi mlivyooana. Watoto wengi wa ukimbizini wanajua namba ya karatasi ya ukimbizi kuliko habari ya baba na mama. Waambieni nani alimleta mchumba, nani alikataa, mlicheka nini, mlivumilia nini. Tajeni majina ya babu na bibi mpaka kizazi cha nne kama mnaweza. Chukueni daftari mwandike. Daftari moja linabebeka hata mtu akikimbia tena.

Pili, andikisheni ndoa. Sheria ya watu na familia ya Burundi ya tarehe 28 Aprili 1993 iliweka ndoa mbele ya ofisa wa serikali, mume na mke mmoja, kijana akiwa na miaka 21 na binti 18. Mwaka 2017 serikali iliwataka wote wanaokaa pamoja bila ndoa halali waandikishe kabla ya mwaka kwisha. Baraka ya kanisa ni njema, lakini mjane asiye na karatasi anapata taabu kuonyesha kwamba alikuwa mke, na mtoto asiyeandikishwa anapata taabu shuleni na katika faili la kuunganisha familia. Boazi naye alitafuta mashahidi.

Tatu, mkumbuke mabinti. Hapa Burundi urithi wa ardhi umeachwa kwa desturi, na desturi inampa mtoto wa kiume. Huku kwetu hatuna ardhi ya kugawa, lakini tunagawa masomo. Nyumba ikiwa na pesa ya mwanafunzi mmoja, mara nyingi anasomeshwa mvulana, na binti anangojewa mali yake. Ruthu hakuwa na kitu, na ukoo wa Daudi ulipita kwake.

Nne, someni na kusikiliza pamoja na vijana. Si kila filamu inafaa, na mzazi ana haki ya kusema hii hapana. Ila aiseme baada ya kujua ndani yake kuna nini, na awe na nyingine ya kuwapa.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Yule ndugu wa Elimeleki aliogopa kuharibu urithi wake (Ruthu 4). Sisi tunaogopa kuharibu nini mtoto anapoleta mchumba wa kabila lingine?

2. Zakaria angefanya nini siku ile alipoikuta barua?

3. Ni jirani gani asiye wa kabila lenu aliyewasaidia katika safari yenu? Watoto wanajua habari yake?

4. Wachumba: ni jambo gani la safari yako hujamwambia mwenzako mpaka leo?

Anayeongoza asome maswali yote kabla ya kuanza, na aanze na la pili, kwa kuwa hilo linahusu nyumba ya mtu mwingine. Wazee waachwe waseme, na vijana wasikatizwe. Mkimaliza, ombeni pamoja kwa ajili ya nyumba zilizopasuka na kwa vijana wanaotafuta wachumba mwaka huu.

Bwana awabariki na kulinda nyumba zenu.